Nyumba ya Mhunzi wa Williamsburg

Katika jimbo la Virginia, nchini Marekani, upo mji mdogo uitwao Williamsburg, ambao ulikuwa makao makuu ya koloni hilo la Waingereza, na kisha ya jimbo lenyewe, tangu mwaka 1699 hadi 1780. Barabara yake kuu, yenye urefu wa kilometa moja na nusu hivi, imezungukwa na nyumba za mtindo wa karne ya kumi na nane. Baadhi ni zile zile za kale. Nyingine zilitoweka zamani, zikajengwa upya juu ya misingi yake katika kazi iliyoanza mwaka 1926 kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller Mdogo. Miongoni mwa hizo zilizojengwa upya ni nyumba ya James Anderson, mhunzi.

Kabla ya vita vya uhuru, Anderson alifua vyuma vya kila namna kwa wenyeji, tena alitunza bunduki za serikali. Silaha hizo zilihifadhiwa katika ghala la matofali lenye pande nane, lililojengwa mwaka 1715 na ambalo lingali limesimama. Alfajiri ya tarehe 21 Aprili, 1775, wanamaji wa Kiingereza walichukua baruti kutoka ghala hilo kwa amri ya Gavana Dunmore, na mji mzima ukataharuki.

Vita vilipopamba moto, Virginia ilikuwa na askari lakini haikuwa na viwanda vya kutosha kuwapa zana. Askari aliyewahi kupewa bunduki mbovu ataelewa taabu hiyo. Hapo ndipo ua wa mhunzi ulipogeuzwa kuwa karakana ya jeshi. Gobori zilizovunjika mitambo zilirekebishwa, singe zikanolewa, misumari ikafuliwa kwa maelfu. Wafua bati nao wakaunda sufuria za kambini na vibuyu vya maji. Palikuwa na jiko pia, maana mtu anayepiga nyundo kutwa hawezi kufanya kazi na njaa.

Waliokuwa wakivuta mivukuto ni watu wa namna nyingi: mafundi huru, wageni wa Kifaransa, wanagenzi wadogo, na watumwa weusi. Jambo hili si dogo. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Williamsburg wakati huo walikuwa watu weusi, karibu wote watumwa. Na kwa desturi ya nchi ile, mtumwa akikodishwa, ujira wake ulikwenda kwa bwana wake. Basi silaha za kupigania uhuru zilipita katika mikono ya watu ambao uhuru huo haukuwahusu. Utumwa uliendelea Virginia hadi mwaka 1865.

Makao makuu yalipohamishiwa Richmond mwaka 1780, Anderson alifuata na vyombo vyake. Mwaka uliofuata, Waingereza walisalimu amri Yorktown, kilometa ishirini hivi kutoka kwenye ua wake wa zamani.

Nyumba yake ilijengwa upya kabla ya karakana. Hiyo karakana ilisimamishwa katika miaka ya 1980, lakini uchunguzi zaidi wa misingi, mavi ya chuma yaliyofukiwa ardhini na madaftari ya hesabu ya Anderson ulionyesha kwamba ile ya kwanza haikulingana na kweli. Ikabomolewa. Nyingine, kubwa zaidi, ikajengwa mahali pale pale, na kazi ikakamilika mwaka 2013. Kubomoa jengo zima kwa sababu si sahihi ni gharama ambayo wengi wangeikwepa.

Jengo jipya halikuachiwa mitambo peke yake. Maseremala wa mji huo walichonga magogo kwa mashoka, na wahunzi wakafua misumari mmoja mmoja kwa nyundo. Wahunzi hao sasa wanafanya kazi ndani yake, na mgeni asimamapo mlangoni husikia fuawe ikilia kabla hajamwona fundi katika moshi.