Ulaya kuoga nako kuna hesabu!

Wiki hii nakupeleka Reading, mji ulio magharibi ya London, mwendo wa kama nusu saa kwa treni ya kasi kutoka stesheni ya Paddington. Usianze kunionea wivu. Sikwenda kuponda raha, nilikwenda kulea.

Dada yangu alijifungua Oktoba 2023. Novemba nikapanda ndege nikamsaidie mtoto. Nilifikia kwao, ghorofani juu ya duka, pembeni ya Oxford Road, mtaa ambao hukosi duka la Mwasia wala la Mwafrika. Nyumba safi, zulia ukuta kwa ukuta. Nikasema moyoni, watu wanaishi!

Kumbe kabla ya kuhamia pale walionyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chini, ya matofali mekundu, yenye boila la gesi jikoni. Ya pili ndiyo hiyo ya juu ya duka, kila kitu umeme, ila kodi yake ilipungua pauni 90 kwa mwezi. Hakuna aliyeuliza joto linatoka wapi. Wakaweka sahihi mkataba wa miezi sita. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Sasa sikia. Hita za nyumba ile ni masanduku makubwa ukutani, ndani yana matofali mazito. Usiku, kwa masaa saba ambayo umeme ni nafuu, matofali yanapashwa moto. Kukikucha yanaachia joto kidogo kidogo. Mpango huo wa bei unaitwa Economy 7. Mtego uko hapa: usiku bei inashuka, lakini mchana uniti inauzwa ghali kuliko kwa mteja wa kawaida. Na ikifika saa kumi na mbili jioni, muda wa kumwogesha mtoto, matofali yameshapoa kama jiko la jana.

Maji nayo yako kwenye pipa ndani ya kabati, yanachemshwa usiku huohuo. Shemeji akirudi zamu asubuhi akajisahau bafuni kama yuko Coco Beach, wengine mtasubiri mpaka kesho. Na maji ya bomba ya Desemba kule si haya yetu ya Temeke, aisee. Yale yanauma mpaka kwenye mfupa!

Kando ya pipa niliona kitufe kimeandikwa BOOST. Nikabonyeza. Baada ya muda maji yakawa moto. Nikajiona mjanja wa mji! Tangu siku ile nikawa nabonyeza kila mchana bila kumwambia mtu. Halafu nikaokota hita ndogo ya feni stoo, nikawa naichomeka sebuleni kutwa ili mtoto asipate kifua. Nguo zake nikazianika humohumo ndani. Wiki ya tatu kona za ukuta zikaota madoa meusi ya ukungu, na mtoto akaanza kukohoa hasa.

Januari 2024 bili ya Desemba ikaja: pauni 238. Dada alikaa kitako kwenye zulia, bili mkononi. Alikuwa kwenye likizo ya uzazi, malipo yake yameshuka. Mwezi ule hakutuma kitu Tandika, kwa mama, ambaye dawa zake za presha zinategemea hela hiyo.

Mama akapiga simu, akaomba aongee na mimi. "Mwanangu, dada yako kashakuwa Mzungu. Kaanza kunisahau."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi mwenyewe nilipokuwa Bongo nilisema maneno hayohayo, tena mara nyingi. Nikamjibu, "Mama, hela yako nimeioga mimi." Nikamweleza kila kitu, dada akisikiliza. Mama akanyamaza, kisha akacheka kidogo, akasema dawa atakopa kwa jirani.

Sasa wewe mwenye safari, au mwenye ndugu anayetafuta nyumba Uingereza, shika haya.

Kwanza, uliza nyumba inapashwa kwa nini. Uniti ya gesi kule huuzwa kama robo ya bei ya uniti ya umeme. Boila la kombi ni kasha dogo ukutani: unafungua bomba, maji yanachemka papo hapo, halina pipa. Hilohilo linasukuma maji ya moto kwenye redieta za vyumba vyote. Kasoro yake, likizima mnakosa joto na maji kwa mpigo.

Pili, omba karatasi ya ukaguzi wa gesi. Sheria inamtaka mwenye nyumba alete fundi aliyesajiliwa kila baada ya miezi 12. Angalia pia kama kuna king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi. Sumu hiyo haina harufu. Ndiyo ileile inayoua watu kwetu wakilala na jiko la mkaa milango imefungwa.

Tatu, dai cheti cha nishati, chenye herufi A mpaka G. Nyumba ya kupangisha England inatakiwa ifike angalau E, isipokuwa iliyosamehewa rasmi. Ikiwa chini ya hapo, unapasha moto barabara.

Nne, tazama mita. Ipo ya kulipia kabla, kama luku yetu. Ila kule kuna ada ya kila siku, inahesabiwa hata usipowasha kitu. Ukiiacha tupu kiangazi chote, hela ya kwanza utakayoweka inaliwa na deni.

Na ukijikuta kwenye hita za matofali, basi jifunze vitufe vyake. Kimoja kinapanga joto la kuingia usiku, kingine la kutoka. Kile cha kutoka kibane mchana, ukifungue jioni. BOOST iache kwa dharura.

Aprili 2024 mkataba ukaisha, tukahamia nyumba yenye boila, umbali wa mitaa miwili. Kodi ilipanda, bili ikashuka, tukaweka nyuzi 18 chumbani kwa mtoto. Kikohozi kikaisha. Siku yangu ya mwisho niliingia bafuni, nikafungua maji ya moto mpaka kioo kikafunga mvuke. Dakika ya tano mlango ukagongwa.

"Mdogo wangu, toka! Hiyo ni dawa ya mama!"

Nikatoka na povu kichwani. Mwezi wa Mei mama alipata hela yake kamili, na jirani akalipwa.

Tukutane wiki ijayo.