Kaswida ya Harusi, Sauti za Kina Mama na Kontrola ya Bei Nafuu



Sisi ni mafundi cherehani watatu, tupo Singida mjini, huku bara kwenye upepo na mashamba ya alizeti. Tunashona magauni ya harusi, mabaibui na sare za kina shangazi. Pamoja na nguo, tunarekodi kaswida za kina mama za kupigwa siku ya shughuli. Wateja wetu wa Unguja wakisikia hivyo hucheka: mafundi wa nguo na mitambo wapi na wapi? Leo tunawajibu, na tunawaeleza kifaa kimoja kidogo ambacho mtu anaweza kukipata bila kuvunja kikoba.

Jambo lilianza na ombi la wateja. Bi harusi analeta kitambaa, anapimwa, na katika mazungumzo anasema: nataka kaswida yenye jina langu, waimbe mama, bibi na wadogo zangu, lakini sauti zao zisipite mikononi mwa wanaume wasiowajua. Studio tunazozijua hapa, anayekaa kwenye mitambo ni mwanaume. Na rekodi ikishaingia kwenye kompyuta ya mtu, huwezi kujua itafika kwenye simu ngapi. Tumewaona mabiharusi wakiacha kaswida kabisa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo tukaanza kurekodi wenyewe kwenye chumba cha nyuma cha duka, jioni, mlango umefungwa. Tuna laptopu, maiki mbili na saundikadi ndogo yenye matundu mawili. Tunarekodi kwa awamu: dufu kwanza, kisha anayeongoza, kisha waitikiaji sita, wawili wawili, kila mmoja na maiki yake. Mwisho tunabaki na traki nane. Mabiharusi wetu wengi wanataka dufu na sauti tu, bila kinanda. Wengine wanataka na kinanda. Hilo tunamwachia kila mmoja na mwalimu wake.

Kurekodi hakutupi shida. Kazi iko kwenye kusawazisha, ili dufu lisimfunike bibi na waitikiaji wasimmeze anayeongoza. Ukitumia kipanya cha kompyuta unashika kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Unampandisha huyu, yule anapotea. Kaswida ya dakika sita inaweza kula usiku mzima, na gauni la mtu linasubiri kesho asubuhi.

Hapo ndipo kontrola inapoingia. Kontrola ni kibao chenye vijiti vya kusukuma juu na chini, ambavyo mafundi wa studio wanaviita feda, na vitufe vya kuzungusha na kubonyeza. Unakichomeka kwenye laptopu kwa waya wa USB, na vidole vyako vinashika traki kadhaa kwa pamoja.

Dada, shika jambo hili moja kabla ya mengine yote: kontrola haitoi sauti. Ni kama kanyagio la cherehani. Kanyagio halishoni, linaiambia mashine iende kasi au polepole. Kontrola inazungumza na kompyuta kwa lugha iitwayo MIDI, iliyotoka mwaka 1983 ili vinanda vya kampuni mbalimbali viweze kuelewana. Kinachopita kwenye waya ni namba tu. Feda ikiwa chini kabisa inatuma 0, ikifika juu kabisa inatuma 127. Uzuri wa sauti unatoka kwenye maiki, saundikadi, utulivu wa chumba na koo la mwimbaji. Kwa hiyo kontrola ya bei nafuu haiharibu kaswida yako. Hapa ndipo pa kubana pesa, na kwenye maiki ndipo pa kuzitoa. Sisi tulikuwa na pesa ya kikoba tuliyoiwekea mashine ya ovaloki, na tulikubaliana kwamba pesa hiyo isiguswe. Ndiyo maana tulichagua kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, angalia programu yako. Sisi tulianza na Audacity, ambayo ni ya bure na inarekodi vizuri, lakini haikuwa na mahali pa kuunganishia kontrola. Tukahamia REAPER. Hiyo unaijaribu siku 60, na leseni ya wafanyabiashara wadogo ni dola 60 za Marekani. FL Studio na Cubase nazo zinapokea kontrola. Ukinunua kifaa kabla ya kujua programu yako inakipokea, ni sawa na kununua zipu kabla ya kukata gauni.

Pili, jaribu simu uliyonayo. REAPER ina ukurasa wake unaofunguka kwenye simu ikiwa simu na laptopu ziko kwenye Wi-Fi moja, nao unapandisha na kushusha traki bila kununua chochote. Kwa wiki chache tulitumia huo. Kasoro yake ni kwamba kioo hakina mpaka unaousikia kwa kidole. Lazima macho yawe kwenye simu, wakati sisi tunataka kufumba macho na kusikiliza. Anayerekodi mara moja kwa mwaka, simu itamtosha.

Tatu, nunua kwa kazi ya mikono yako. Akai MPK Mini inapendwa sana. Ina vitufe vya kinanda 25 na pedi nane za kugongwa, na inamfaa anayetunga midundo. Kwetu sisi wa dufu na sauti, hivyo vinanda vingekaa bure. Tulizolinganisha ni mbili. Korg nanoKONTROL2 ina feda nane, vitufe nane vya kuzungusha, na kila traki ina vitufe vyake vya kunyamazisha au kuisikiliza peke yake. Behringer X-Touch Mini ina vitufe nane vya kuzungusha vyenye mduara wa taa unaokuonyesha umefika wapi, na feda moja. Zote mbili huko nje zimekuwa zikiuzwa chini ya dola 100, na zote zinapata umeme kwenye laptopu, jambo linalotufaa umeme unapokatika.

Nne, fahamu habari ya mota. Kontrola za gharama zina feda zinazojisogeza zenyewe kufuata kompyuta. Za bei nafuu hazisogei. Ukiwa na traki 16 na ukahamia nane za pili, feda inabaki pale ulipoiacha, na ukiigusa sauti inaweza kuruka ghafla. Kwa mwenye traki nyingi, mduara wa taa wa X-Touch Mini unaondoa tatizo hilo, kwa sababu vitufe vyake vinazunguka bila mwisho. Sisi traki zetu ni nane na feda ni nane, kila mwimbaji na kijiti chake. Tukachukua Korg.

Tano, ukinunua iliyotumika, ipime kama unavyopima kitambaa. Yetu ilitoka Kariakoo kwa mkono wa binamu, kwa shilingi laki moja na nusu. Tulimwambia aichomeke kwenye laptopu na aangalie namba. Sukuma kila feda polepole kutoka chini hadi juu: namba zianzie 0 zifike 127 bila kuruka. Kisha toa mkono. Namba zikiendelea kuchezacheza zenyewe, kijiti hicho kimechoka. Dai na waya wake, kwa kuwa kichwa chake ni kile cha zamani kiitwacho mini, si cha simu za leo.

Sita, vumbi. Upepo wa Singida unaingiza mchanga hata ndani ya sanduku lililofungwa, na vumbi ndilo adui wa feda. Tuliishonea kifuko cha kitambaa kizito chenye kamba. Nyinyi wa visiwani mna unyevu wa chumvi, basi nanyi msiiache wazi.

Kazi ya kwanza tuliyoifanya nayo ilikuwa ya bi harusi ambaye bibi yake alikuwa miongoni mwa waitikiaji. Sauti ya bibi ilikuwa nyembamba, mwisho wa kila mstari inazama. Kwa kidole kimoja tulikuwa tukiisukuma juu pale inapozama, na kwa kidole kingine tunalituliza dufu. Mjukuu alivaa hedifoni, akasikiliza, akasema, "Huyu ni bibi, namsikia." Hakusema zaidi. Tulimpa kaswida kwenye flashi, tukaifuta kwenye laptopu yetu mbele ya macho yake.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Sisi leo tunaingia chumba cha nyuma tu, alhamdulillah. Basi bi harusi, popote utakaporekodi, uliza mambo matatu kabla ya kutoa malipo: nani atakaa kwenye mitambo, rekodi itabaki kwenye kompyuta ya nani, na itafutwa lini. Na dada mwenye duka lako la nguo, saluni au hina, chumba cha nyuma unacho. Anza na maiki nzuri, jaribu na simu, kontrola ifuate baadaye.

Allah awape mabiharusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Wassalaam alaykum.