Mlango Hufungwa Kidato cha Tatu



Wiki chache zilizopita alikuja biharusi dukani kwetu kupimwa shela. Kaja na mama yake na shangazi yake, picha ya shela iko kwenye simu, lesi wameshainunua. Tukampima kifua, kiuno, urefu. Tulipofika mabegani akatuuliza kwa sauti ndogo, mama yake asisikie: "Dada, nyinyi mlipomaliza skuli mlipata divisheni gani?"

Tukacheka, tukamwambia ya nne. Yeye hakucheka. Akasema na yeye kapata ya nne, alitaka kusomea uuguzi, na chuo kimemwambia hana sifa. "Wanataka masomo manne, na mimi nimepasi manne. Kwa nini wamenikataa?"

Tukamwomba atutajie hayo manne. Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Tukatazamana, maana hadithi hiyo ni yetu.

Sisi ni wawili, mama zetu ni dada, na tumelelewa na bibi yetu nyumba moja hapa Unguja. Anayeandika ni mmoja, lakini maneno haya tumekaa tukayapanga pamoja, kama tunavyofanya kazi.

Tulipokuwa kidato cha pili, bibi alikuwa na maradhi ya sukari. Mmoja wetu ndiye aliyekuwa akimsafisha kidonda cha mguu, akimpimia chakula, akimpeleka hospitali. Kila mtu nyumbani alimwita "nesi wetu". Hakuna aliyeshuku kwamba atakuwa nesi kweli.

Tukaingia kidato cha tatu, tukatakiwa kuchagua mchepuo. Tunakumbuka siku ile vizuri, kwa sababu haikuwa siku kubwa. Tulipewa karatasi, tukajaza tumekaa dawati moja, na kabla ya kengele ya mapumziko tumeshaikabidhi. Wasichana waliotutangulia walisema Fizikia ngumu, ni ya wavulana. Na sisi hatukutaka kutengana madarasa. Tukaandika sanaa. Nyumbani hakuna aliyetuuliza, na sisi hatukusema.

Mmoja wetu alijiambia: Biolojia ipo, inatosha kwa unesi. Kweli ilikuwepo. Wakati wetu Biolojia ilikuwa lazima kwa kila mwanafunzi, pamoja na Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia na Uraia. Lakini vyuo vya uuguzi vinataka Biolojia, Kemia na Fizikia, zote tatu umepasi. Tena vinataka angalau masomo manne ya kupasi yasiyokuwa ya dini. Yaani ile Elimu ya Dini ya Kiislamu tuliyoitegemea kutubeba haimo katika hesabu yao. Tusifahamike vibaya. Kusoma dini yetu ni fahari na ni ibada, na hatujuti hata siku moja. Tunachojutia ni kutojua sharti la chuo mpaka tulipofika mlangoni.

Matokeo yakatoka, mmoja pointi 28, mwengine 30. Divisheni ya nne huanzia pointi 26 mpaka 33. Kwenda kidato cha tano kunataka angalau alama C katika masomo matatu, na hatukuwa nazo. Tukakaa nyumbani miezi tisa. Tulipika, tulifua, tulipokea wageni. Posa zilikuja, na watu walikuwa wakisema mbele yetu: "Hawa wamefeli, waozeni tu." Dada zetu, ndoa ni nusu ya dini. Inauma sana kuipokea kama adhabu ya mtihani.

Mjomba ndiye aliyetupeleka chuo cha amali kusoma ushoni. Tulikwenda tumeinamisha vichwa, kwa sababu tuliambiwa ushoni ni kwa waliofeli. Wiki ya tatu mwalimu wetu akatupa kazi ya kukata sketi ya duara. Akasema, kiuno kikiwa sentimita 72, gawa kwa 6.28, utapata kama 11 na nusu. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la kiuno. Ukikosea, sketi haiingii au inadondoka, na kitambaa kimeshakatwa.

Sisi wote wawili tulipata F ya Hisabati. Miaka minne tumeimba kanuni ya duara bila kujua ni ya nini. Siku ile tukaifahamu mezani, mkasi mkononi. Tulifurahi, kisha tukaona uchungu. Kumbe hatukuwa wajinga. Na kumbe kazi ya kushona nayo ina hesabu zake. Si kazi ya kila aliyeshindwa hesabu.

Leo duka letu lina mashine nne na mabinti wawili tunaowafundisha. Tunashona shela, mabaibui na nguo za kesha. Alhamdulillah, linatulisha. Lakini mwaka wa kwanza tulikula hasara, kwa sababu tulikuwa tukihesabu bei ya kitambaa tu, tunasahau nyuzi, umeme na siku tatu za kutia shanga. Somo la kuweka hesabu za biashara lilikuwepo skuli, katika mchepuo ambao hata hatukuutazama.

Na yule nesi wetu? Alipofika miaka 26, ameshaolewa na ana mtoto mmoja, alijiandikisha kurudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usiku anasoma, mchana anashona. Kemia akapata D. Fizikia akapata F. Hakurudia tena. Ameridhika na alichoandikiwa, lakini tukipita hospitali na kuwaona manesi wanabadilishana zamu, huwa ananyamaza mpaka tufike kituo cha daladala. Hatumsemeshi.

Hayo yote tulimsimulia yule biharusi, futikamba bado iko shingoni mwetu. Safari hii mama yake alisikia. Akakaa kwenye kiti, akasema, "Mimi nilidhani skuli ndio wanaojua."

Mama zetu, skuli wanajua, lakini wana wanafunzi wengi na nyinyi mna huyo mmoja. Kwa hivyo tunawaomba mambo machache.

Binti akiwa kidato cha pili, muulizeni anataka kufanya kazi gani, mumsikilize bila kumcheka. Kisha nendeni chuoni kwenyewe, au mtafuteni anayeifanya kazi hiyo, muulize masomo gani yanatakiwa na kwa alama gani. Andikeni kwenye karatasi, muibandike ukutani. Ndipo mchague mchepuo, na mchague na njia ya pili: asipopata ile ya kwanza, masomo haya yatamfikisha wapi tena? Swalini istikhara, rakaa mbili, mumwombe Mwenyezi Mungu kheri. Lakini istikhara haimzuii mtu kuuliza. Sisi tuliacha yote mawili.

Na kama kipaji chake ni mikono, mpelekeni chuo cha amali mapema na kwa heshima, si baada ya kumwita aliyefeli. Vyuo vipo, Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, Vitongoji kwa Pemba.

Nawe biharusi mtarajiwa, kama bado una hamu ya kusoma, liseme hilo wakati wa posa, walii wako akiwepo. Usingojee fungate liishe. Mwanamume mwema hataona haya kulijibu, na jibu lake litakufunza mengi kabla ya mahari kupokelewa.

Juzi biharusi wetu alirudi kujaribu shela. Imemkaa vizuri, mashaallah. Akasimama mbele ya kioo, akautazama mkia ule mrefu wa lesi, akatuuliza kama tunaweza kuufupisha na kile kipande kitakachobaki tukamuuzia mteja mwengine. Tukamuuliza kwa nini, maana mkia ndio aliokuwa akiutaka kuliko kitu chote.

Akasema mchumba wake kakubali, na baba yake kakubali. Atajiandikisha kurudia mtihani, Fizikia na Kemia, na mwalimu wa masomo ya ziada anataka kulipwa mwanzo wa mwezi.

Mkia tukaukata. Lesi tumeinunua sisi wenyewe. Na aliyeukata, kwa mkono wake, ni yule nesi wetu.

Mwenyezi Mungu amfungulie, na awafungulie mabinti zetu wote milango ya kheri wakiwa bado na umri wa kuichagua. Amin.

Wabillahi tawfiq.