Kiraka Kisichoficha Tundu

Katika mfumo endeshi wa Linux, kerneli ndiyo dola: hugawa kumbukumbu, hupanga foleni, huamua nani apite. Kerneli hiyo inaweza pia kuugawa mtandao wa mashine moja katika vyumba vingi, kila chumba kikiwa na anwani zake, njia zake na daftari lake. Teknolojia ya kontena imesimama juu ya mgawanyo huo.

Itifaki ya kugawana mafaili ya NFS, iliyoasisiwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, ni kongwe kuliko vyumba hivyo. Seva yake ilipolazimika kuishi ndani yake, yalizuka makosa ya aina ya pekee. Programu inayoishi chumba kimoja hushika faili la udhibiti lililo mali ya chumba kingine. Kerneli ikiuliza “mwombaji anatoka wapi?” badala ya “faili hili ni la wapi?”, hufungua daftari la chumba ambamo seva haijawahi kuanzishwa. Hukuta anwani tupu, huifuata, na mashine nzima yaweza kuanguka pamoja na wote wanaoitegemea.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kuweka sharti: ukikuta patupu, rudi kimya. Mashine haitaanguka, lakini swali litabaki lilelile lisilo sahihi. Ya pili ni kulitambua faili na chumba chake tangu mwanzo, kisha kukishikilia chumba hichohicho katika kila hatua.

Sisi huipenda ile ya kwanza. Katika chuo kimoja ninachokifahamu, seva ya matokeo ilianguka mara kwa mara, na dawa ikawa kuizima na kuiwasha. Fundi kijana aliyeomba muda wa kutafuta chanzo aliambiwa asikuze mambo. Wahitimu walisubiri matokeo huku nafasi za kazi zikifungwa. Taarifa ya ofisi ikasema kwamba “changamoto zilizojitokeza zimeshughulikiwa.” Tazama sarufi yake: changamoto zimejitokeza zenyewe, na aliyezishughulikia hatajwi.

Kiraka cha kerneli huandikwa kwa sarufi nyingine. Hubeba jina la aliyekitunga, maelezo ya chanzo cha kosa na, mara nyingi, mstari unaotaja badiliko lile la awali lililolileta. Hata badiliko la Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, laweza kutajwa hapo. Hakuna anayefukuzwa kwa kutajwa. Mstari huo upo ili wanaotunza matoleo ya zamani wajue kama kosa limewafikia na wao wajitibu.

Hapo ndipo usiri wetu unapoumiza. Mficha maradhi, kifo humuumbua; ila katika ofisi za umma, anayeumbuka si yule aliyeficha. Ni mhitimu aliye mbali, ambaye hakupewa hata nafasi ya kujua kwamba kosa lilimgusa. Uwajibikaji ninaoudai si wa kutafuta kichwa cha kukata. Nadai mstari mmoja tu katika kila taarifa: kosa hili lilianzia wapi, na limewafikia nani.