Shamba la Anathothi

Mji wa Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Babeli, na Nabii Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi, ndipo Hanameli, mwana wa ami yake, alipomjia amwuzie shamba lililoko Anathothi. Ni nani anunuaye ardhi iliyo mikononi mwa adui? Lakini Yeremia, kwa kuagizwa na Mungu, alilinunua. Alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi. Hati moja ikatiwa muhuri, moja ikaachwa wazi, na mwandishi Baruku akaambiwa azitie katika chombo cha udongo zipate kudumu.

Mji ukaanguka, hekalu likateketezwa, watu wakahamishwa. Wengi walidhani kwamba Mungu amewaacha. Hati ile ilishuhudia vingine, kwa maana hakuna atunzaye hati ya shamba asilotazamia kulirudia. Mwaka 538 kabla ya Kristo, Koreshi mfalme wa Uajemi aliwapa ruhusa ya kurejea. Na katika orodha ya Ezra wamo watu wa Anathothi, hesabu yao 128.

Yeremia alipelekwa Misri, wala Maandiko hayasemi kwamba alivuna shambani mwake. Lakini fedha yake haikupotea, kwani Mungu hakuwaacha watu wake.