Mpiga Ngoma Aliyeachwa

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia jina la Beatles, bendi ya vijana wa Liverpool, Uingereza, iliyotikisa muziki wa dunia katika miaka ya 1960. Sikusudii kuwasifu wala kuwalaumu kwa nyimbo zao. Nataka nikueleze habari za mtu ambaye sura yake haimo katika picha zao mashuhuri.

Naye ni Pete Best. Alijiunga nao Agosti 1960, akiwa mpiga ngoma, wakaenda Hamburg, Ujerumani. Huko walipiga muziki saa nyingi kila usiku na kulala chumba kibovu nyuma ya jumba la sinema. Siku ya kwanza ya mwaka 1962 walijaribiwa na kampuni ya Decca, wakakataliwa. Taabu hizo zote Pete alizionja pamoja nao.

Kisha mlango ukafunguka. Kampuni nyingine ikawakubali, walakini msimamizi wa kurikodi, George Martin, hakuridhika na ngoma za Pete. Tarehe 16 Agosti 1962 akaachishwa, na nafasi yake akaishika Ringo Starr. Je, wajua nani aliyempa habari? Si wenziwe waliolala naye chumba kimoja, bali meneja wao, Brian Epstein. Yapata wiki saba baadaye sahani ya “Love Me Do” ikatoka madukani.

Huenda ukasema, bendi itakayo kupanda lazima itafute mpigaji bora. Ni kweli, na Ringo alikuwa fundi. Lakini kumwacha mtu ni jambo moja, na kumkimbia uso wake ni jingine.

Nayajua haya kwa kuwa niliyatenda. Ujanani, huko Tanga, tulikuwa vijana watano wenye magitaa mawili na tamaa kubwa. Tulipoalikwa kupiga hotelini, tukaona mpiga ngoma wetu hatufai. Tukamtuma mdogo wangu amwambie asije. Bendi ile haikudumu hata mwaka. Hadi leo yeye hunisalimu sokoni kwa heshima, nami huona haya kumtazama.

Mwaka 1995 zilitolewa nyimbo za Beatles alizopiga Pete, akapata fedha zake. Ilipita miaka 33, na fedha si kuombwa radhi. Mimi nangoja nini? Kesho, inshaallah, nitabisha mlango wake mwenyewe.

Nawe, msomaji, ni nani uliyempelekea mjumbe pale ulipopaswa kwenda kwa miguu yako?