Kifutio Kipige Picha Kwanza

Watu wangu wa Malindi na Kilifi, leo tuongee kuhusu kitu kinachotukosanisha maofisini na hakuna anayekitaja: kifutio cha ubao.

Ofisi nyingi ndogo hapa kwetu, iwe ni ya chama, ya BMU, ya tuktuk au ya vijana wanaotengeneza programu, mkutano unaishia kwa ubao mweupe. Nani analipa nini, zamu ya nani, mgao wa kila mtu. Jioni anakuja mwingine na mkutano wake, anafuta ubao wote. Jumatatu kila mmoja analeta kumbukumbu yake, na kumbukumbu, bana, humpendelea mwenyewe. Nimewahi kuona vijana wakibishania mgao wiki nzima namna hiyo. Dada aliyechora michoro yote alilipwa nusu ya kilichoandikwa, na ushahidi wake ulikuwa vumbi jeusi kwenye kifutio.

Najua utaniambia, "Si upige picha na simu tu?" Ndio, na zana zenyewe ziko kitambo. Miaka ya 1990, watafiti wa Xerox kule Palo Alto, Marekani, walikuwa na mfumo ulioitwa ZombieBoard: kamera ya juu inageuka, inapiga ubao vipande vipande, kisha kompyuta inaviunganisha. Mwaka 2014 Microsoft ikaleta Office Lens, programu ya simu iliyonyoosha picha ya ubao hata ukiipiga kwa pembeni. Lakini zote zilisubiri mtu akumbuke kuziamuru. Na mtu aliyechoka, saa kumi na moja jioni, anawaza matatu ya kwenda nyumbani.

Sasa wazo langu liko hapa. Kitu kimoja hakisahauliki kamwe: anayefuta lazima ashike kifutio. Basi tuanzie hapo. Vifutio vingi tayari vina sumaku nyuma. Weka kishikio chenye swichi ya sumaku, zile za kengele za milango. Sumaku ikiondoka, swichi inajua. Simu ya zamani iliyovunjika kioo lakini kamera bado nzima, unaifunga ukutani, inapata ishara na kupiga picha. Hakuna wa kukumbuka chochote.

Kuna mambo mawili ya kwetu ya kuzingatia. Kwanza, chumvi ya bahari inakula vyuma, kwa hivyo tumia swichi ambayo vyuma vyake vimefungwa ndani ya kioo. Pili, kishikio kisikae chini ya ubao, manake anayechukua kifutio ataziba maandishi kwa mgongo wake. Kiweke hatua tatu pembeni. Na stima ikipotea, simu ina betri yake.

Lakini picha peke yake haitoshi. Ukiweka simu yako kwa Kiswahili, kusevu kunaandikwa "Hifadhi". Mtoto wa madrasa akiishika sura kwa kichwa, pia tunasema amehifadhi. Wazee waliosoma vyuoni zamani waliandika kwa wino kwenye ubao wa mti, na ubao ulioshwa baada ya mtoto kuisoma sehemu yake bila kutazama, mwalimu akimsikiliza. Kuhifadhi kwanza, kufuta baadaye. Sisi ofisini tunafuta kwanza, halafu tunaanza kutafuta nani anakumbuka.

Kwa hivyo naongeza sharti moja: kabla kifutio hakijaguswa, mtu mmoja asome maamuzi kwa sauti na wengine waseme ndio au la. Picha ya hesabu iliyokosewa itabaki hesabu iliyokosewa.

Na msiitupe hiyo picha kwa grupu la WhatsApp la watu mia mbili. Ubaoni kuna majina, namba za simu, madeni ya watu. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na jina la mtu na deni lake ni data yake. Wakubaliane wenyewe nani anaziona picha, zinakaa muda gani, na zinafutwa lini. Mbona isiwe hivyo? Kamera inayolinda haki ya mnyonge inaweza pia kumpeleleza, inategemea nani ameshika ufunguo.

Bado ni wazo, sijaunda kitu. Nyie mnaosoma kompyuta Chuo Kikuu cha Pwani, nyie mafundi wa simu, kazi ngumu hapa ni kufanya ishara ya swichi iamshe kamera ya simu kuukuu kila mara bila kukwama. Anayejua njia rahisi aniandikie. Na kama ofisi yenu ina ubao na ugomvi wa kila Jumatatu, niambieni pia, manake tutahitaji mahali pa kujaribu.